Choo cha Matofali cha Baba Mkwe

Nakumbuka siku ile baba mkwe wangu alipobomoa vyoo vyetu vya mianzi. Mwanangu, hakuna aliyepiga vigelegele kunishinda mimi, ingawa nilivipigia jikoni nilikojificha.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kule Rungwe, kabla ya uhuru. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa haijaanza kuonekana. Kwetu Wanyakyusa wa wakati ule, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Ukimwona njiani unaingia migombani. Alipoketi huketi, na hata jina lake hulitaji. Usicheke, nanyi vijana mna mambo yenu.

Kwa sababu hiyo tulikuwa na vyoo viwili, cha mzee na cha wanawake. Lakini mzee alikuwa ameona misheni choo cha matofali ya kuchoma, bati juu, mlango wa mbao, akakipenda. Akabomoa vyetu vyote viwili, akajenga hicho kimoja. Majirani walikuja kukitazama na kumsifu. Nyumba njema si mlango, lakini mlango ule ulikuwa mzuri, sikatai.

Kilipokwisha ndipo nilipoona kwamba sina pa kwenda. Nitaingiaje anamoingia baba mkwe? Nikamwambia mume wangu, Ambilikile. Akakuna kichwa.

"Baba amejenga kwa moyo wake wote. Nitamwambiaje? Vumilia kidogo."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nikawa nashuka bondeni kwa kuviziavizia, na ili nisishuke mara nyingi nikaacha kunywa maji.

Siku moja tukichuma kahawa nikaanguka. Mama mkwe alinigusa midomo, akakuta imekauka. Akaniletea maji kwenye kibuyu, nikakataa.

"Kwa nini hunywi, binti yangu? Unataka kumuua mtoto?"

"Mama, nikinywa nitaenda wapi?"

Aliweka kibuyu chini. Kisha akasema, "Pole, mwanangu. Mficha uchi hazai. Ungeniambia siku ya kwanza."

Jioni, nikiwa jikoni, nilimsikia akizungumza na mzee, wala hakupandisha sauti. "Choo chako ni kizuri, baba Ambilikile. Lakini mjukuu wako anakufa kwa kiu tumboni mwa mama yake, na wewe umekaa unapokea sifa za majirani."

 Mzee alimaliza ndizi zake, akanawa. Asubuhi nikasikia jembe nyuma ya zizi. Alichimba shimo mwenyewe, akazungushia mianzi, akaezeka nyasi. Alipomaliza akamwambia mkewe, "Mwambie yule mtoto, kile cha matofali ni chenu wanawake. Mimi hiki kinanitosha."

Siku hiyo nilikunywa maji mpaka tumbo likauma, nikalia kwa furaha. Kumshukuru mzee kwa mdomo wangu sikuweza, mila haikuruhusu. Mtoto alipozaliwa, mzima kabisa na mwenye makelele, nilimkabidhi mama mkwe ampelekee babu yake ampakate. Hiyo ndiyo ilikuwa asante yangu.

Sasa nasikia huko kwako Ilomba unabomoa choo cha nje uweke cha ndani chenye vigae. Jenga, mwanangu, nimefurahi. Ila kabla fundi hajashika nyundo, zunguka nyumba nzima uulize. Wenye sauti watasema wenyewe. Mtafute yule ambaye adabu imemfunga mdomo: mkeo, mama mkwe wako mwenye magoti mabovu, hata binti anayewasaidia kazi. Na ukishajenga ukagundua umekosea, usione haya kushika jembe upya. Baba mkwe wangu hakupungukiwa na kitu kwa kuingia choo cha nyasi. Tangu siku ile, kila nilipomkimbia na kuingia migombani, nilikimbia kwa upendo.

Mungu aibariki mikono yako, na asiwepo mtu chini ya bati lako anayeogopa kukuomba.