Ngamia Wasioona Kiu

Mchezo wenyewe niliubuni nilipomaliza shule ya usiku, kwa sababu kichwa kilichozoea hesabu saa ambazo fisi wanatafuta chakula hakikubali tena kulala bure. Ni mchezo wa kuigiza, wa kukaa mkekani. Kila mmoja anakuwa mtu fulani katika nchi ya majini na mazimwi, anasema anachofanya, dadu linaamua kama amefaulu, nami msimulizi naeleza yaliyotokea. Nchi yangu ilikuwa na joka la vichwa saba. Hakuna mchezaji aliyewahi kuliona. Wote walikufa kiu njiani.

Nilitaka ukweli, mnaelewa? Kanuni zangu za kiu zilikuwa nzito kuliko ngamia mwenyewe. Kila siku ya safari, dadu. Dadu likikataa, mnyama anaanguka. Rafiki yangu fundi cherehani alinung'unika mpaka majirani wakajua kanuni kwa moyo.

"Warya, mimi natoka jua la Garissa nikae kwa feni yako, na wewe unaniua na jua lingine? Leta joka!"

Nilikuwa bado nambishia alipokuja shemeji. Huyu ni kaka ya mke wangu, mfugaji wa Sangailu, na ukame ulikuwa umemaliza ngamia wake wote. Alikaa chumba cha nyuma akitazama ukuta. Chakula kilirudi jikoni kama kilivyokwenda.

"Mtoe nje hata kwa kamba," mke wangu aliniambia. "Nampoteza ndugu yangu nikimwona hivi."

Shemeji akakubali kucheza, Ijumaa baada ya swala. Hapo ndipo nilipozikumbuka kanuni zangu. Mtu aliyezika mifugo yake, mimi nimpe mingine ya maneno, halafu niiue kwa dadu? Usingizi ulinihama kabisa, ukaenda kuishi Mandera. Mwishowe nikafuta kanuni za kiu, zote.

Ijumaa ikafika. Fundi alikuwa mchawi wa moto, shemeji mwenye msafara. Tukasafiri vizuri, fundi akicheka, mimi nikimchungulia shemeji usoni.

"Seedi," akaniita, kama tunavyoitana mashemeji, "hii ngamia yangu imekunywa lini?"

"Katika nchi hii ngamia hawaoni kiu."

"Mpaka lini?"

"Milele."

"Raha tupu!" akasema fundi.

Shemeji akaliweka dadu chini polepole, kama mtu anayerudisha kikombe asichokinywa. "Basi hii si ngamia. Hii ni pikipiki." Akanyoosha mguu kutafuta kandambili zake.

Nikaona mlango wa chumba cha nyuma ukimfungukia. "Ngoja! Wanaona kiu! Wanaona kiu sana!"

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Fundi akashika kichwa. "Wallahi, tumekufa tena."

Lakini shemeji alirudi kukaa. Nikachukua dadu kuamua nani ataanguka. Akanishika kifundo cha mkono.

"Unarusha ya nini? Nani ameenda sahan?"

Nilitamani mkeka unimeze. Hakuna anayehamisha ngamia kabla mtu hajatangulia kuangalia maji na malisho. Hiyo ndiyo sahan, na hata sisi tuliozaliwa mjini tunaijua kama tunavyojua jina la babu. Nilikuwa nimeandika kila namna ya kufa, nikasahau kabisa wanachofanya watu wasipotaka kufa.

"Wewe," shemeji akamwambia fundi. "Tangulia."

"Mimi ni mchawi!"

"Mchawi hana miguu?"

"Miguu ninayo, lakini cheo changu..."

"Peleka na cheo! Kikanyage mchanga!"

Sauti ilipanda hadi mke wangu akaja na chupa ya chai, akasimama mlangoni bila kumimina. Nikarusha dadu kujua fundi amekuta nini kisimani. Kabla sijasema, adhana ya alasiri.

"Usiguse," shemeji akasema. Tukaenda kuswali.

Mungu anisamehe swala ile. Dadu lilionyesha moja: kisima kikavu. Kanuni ya kisima nilikuwa nimeitunga papo hapo, kwa hiyo mimi peke yangu nilijua kulisoma. Njia nzima ya kurudi nililigeuza kichwani, likawa sita, likawa moja, likawa sita.

Shemeji akaketi. Hakulitazama dadu, alinitazama mimi.

"Kisima?"

"Kikavu," nikasema, na sauti ikatoka kama ya mbuzi.

Fundi aliacha kutafuna tende. Shemeji akapitisha kidole juu ya mkeka, taratibu, kana kwamba anatafuta njia.

"Basi tunageuka leo, bado wana nguvu," akasema. "Mwaka huu mimi niligeuka nimechelewa."

Tangu aje kwetu hakuwa ameligusia jambo hilo. Mke wangu, aliyekuwa amerudi mlangoni na chai, akatua chupa sakafuni. Kisha shemeji akamgonga fundi goti.

"Amka, mchawi. Sasa nenda upande wa mto."