Mwimbaji Aliyeshindwa na Kaseti Yake

Wimbo wa "Ema wa Stesheni" una urefu wa dakika nne na sekunde kumi. Nautaja muda huo mapema kwa sababu, katika miaka kumi na mitano iliyofuata, Anania wa Mdandu hakufanya jambo jingine lolote lenye urefu wa kutajwa.

Nilimfahamu tangu akiwa darasa la nne. Mimi ndiye niliyemfundisha kuimba kwa nota katika kwaya ya usharika wetu, na ninakiri kwamba alikuwa na sauti safi na sikio sahihi. Alikuwa pia mvivu wa kuandika na hodari wa kujitazama kwenye vioo vya madirisha. Mwaka 1977 alikwenda Iringa na kujiunga na Tanuru Jazz, bendi iliyomilikiwa na shirika moja la umma. Katika karatasi za ofisi Anania alikuwa tarishi, lakini sidhani kama aliwahi kupeleka barua hata moja.

Machi 1979 bendi hiyo ilikwenda Dar es Salaam kurekodi nyimbo nne katika redio ya taifa. Tatu kati ya hizo hakuna aliyewahi kuniomba nizikumbuke. Ya nne ilimhusu msichana aitwaye Ema, aliyeshuka kwenye treni Makambako, akaulizia njia ya kwenda Njombe, na kumwacha mwimbaji amesimama na mzigo wake mkononi. Ni hayo tu. Hata hivyo, kwa takriban miaka miwili wimbo huo ulipigwa karibu kila juma katika vipindi vya salamu, kisha ukaacha kupigwa, kama nyimbo nyingine zote. Mwaka 1986 shirika lilishindwa kununua hata nyuzi za magitaa. Bendi ikavunjika, na Anania akarudi Mdandu akiwa na suruali pana, viatu vyeupe, na tabia ya kungoja apishwe kiti kila alipofika.

Mkewe, Dorosela, alilima viazi. Anania alisimulia. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ulipofika alizunguka kwenye vilabu, akaimba ubeti mmoja, akapewa kikombe, akaimba wa pili. Wimbo una beti tatu, kwa hiyo kufikia saa kumi jioni alikuwa amemaliza kazi yake. Binti yao, Anneth, alikua akiamini kwamba Ema ni shangazi yake.

Ndipo yakaja mageuzi ya biashara. Makambako, mji wa njia panda, ulijaa mitumba, saa za plastiki na redio kaseti zenye taa za rangi. Nilitarajia kwamba watu waliopata vitu vipya wangetaka na muziki mpya. Nilikosea. Watu wale wale waliopanga foleni ya sabuni mwaka 1983 walianza kuitamani miaka hiyo mara tu sabuni ilipopatikana. Walikaa kwenye viti vipya, wakasikiliza redio mpya, wakatikisa vichwa na kusema kwamba zamani kulikuwa na muziki. Nilipowauliza ni muziki gani hasa, wengi wao waliweza kutaja wimbo mmoja.

Mfanyabiashara aitwaye Ussi aliligundua hilo kabla ya wengine. Alikuwa amehamia kutoka Pemba, mtu mpole, mwenye duka la betri na kaseti karibu na stendi. Alipata mahali fulani kaseti ambayo msikilizaji mmoja alikuwa amerekodia nyimbo kutoka redioni, wa Ema ukiwamo, naye akaanza kuzizalisha: redio moja ilicheza, nyingine ikanakili. Siku moja mota ya ile iliyocheza iliungua. Enoki, fundi redio wa pale stendi, aliitoa na kuweka mota ya mashine nyingine kabisa. Ilienea vizuri, skrubu zote nne zilikaza, na Enoki aliridhika. Tatizo lilikuwa moja tu: ilizunguka kwa kasi kuliko ile ya kwanza.

Kaseti zote zilizotoka dukani kwa Ussi tangu siku hiyo ziliimba haraka na kwa sauti nyembamba. Zilienea Mahongole, Njombe, Makete, hadi hospitalini Bulongwa, ambako niliusikia wimbo huo ukitoka kwenye redio ya mgonjwa. Nilitazama saa. Dakika tatu na sekunde arobaini na tatu. Nilirudi nyumbani, nikachukua kile chuma changu cha kwaya chenye ncha mbili, ambacho hugongwa ili kitoe sauti ya kuanzia, na nikapima kaseti ya jirani. Doh ya wimbo ule, yaani sauti yake ya msingi, iliyokuwa F mwaka 1979, ilikuwa imepanda nota nzima hadi G.

Nilikwenda Makambako kumweleza Ussi. Alinikaribisha kahawa, akanisikiliza hadi mwisho kwa heshima kubwa.

"Mwalimu," alisema, "wateja hawajalalamika. Tena upande mmoja sasa unachukua wimbo mmoja zaidi. Mimi nauza kaseti, siuzi saa."

Nilimwuliza kama hakusikia tofauti. Alisema kwamba mwaka 1979 alikuwa Pemba akichuma karafuu na hakuwahi kumsikia huyo Ema. Jibu hilo lilikuwa la haki. Nisichoweza kuwasamehe ni wale ambao walimsikia, waliodai kwamba wimbo huo umekaa vifuani mwao miaka kumi na mitano, na wakanunua kaseti ile bila kukunja uso.

Oktoba 1994 Ussi aligundua kwamba mwimbaji yu hai na anaishi mwendo mfupi tu kutoka dukani kwake. Alimfuata kwa gari na kumwomba aimbe katika ukumbi mmoja wa Makambako, Jumamosi ya tarehe 26 Novemba, saa tisa alasiri. Anania alikubali kabla gari halijazimwa.

Mvua za kwanza zilikuwa karibu, na Dorosela hakuwa na mtu wa kumsaidia kupanda. Aliniita nyumbani kwao ili niwe shahidi wa maneno yake.

"Baba Anneth, nenda," alimwambia mumewe. "Wakikutaka, kaimbe mpaka uzeeke, sitakuuliza tena. Wasipokutaka, Jumatatu uwe shambani na jembe, na habari za Ema ziishie hapo. Mwalimu amesikia."

Anania alicheka na kusema kwamba amekubali. Aliniomba niende naye nimpe sauti ya kuanzia, kama zamani kwenye kwaya. Nilikubali, nami nikabeba chuma changu.

Ukumbi ulijaa. Walikuwepo madereva, wenye maduka, walimu wenzangu ambao wangepaswa kuwa na kazi ya kusahihisha, na watu wa makamo waliovaa suruali pana zilizokuwa zimehifadhiwa kabatini kwa ajili ya siku ambayo haikupaswa kufika. Wapiga magitaa wawili waliuliza waanze wapi. Niligonga chuma, nikawapa F. Ndiyo sauti ambayo wimbo ulirekodiwa. Sikuwa na sababu ya kuwapa nyingine.

Anania aliimba. Nitasema jambo hili mara moja tu: aliimba vizuri. Sauti yake ilikuwa imepungua juu na kuongezeka chini, lakini kila nota ilikaa mahali pake, na mwendo ulikuwa ule ule wa mtu anayemtazama mwenzake akiondoka asijue amwite au amwache. Kwa ubeti mzima nilisahau viatu vyeupe.

Kisha mtu mmoja nyuma akasema, bila kupaza sauti sana, "Betri zimekwisha."

Kicheko kilianza pale na kusogea mbele safu kwa safu. Mwingine akaomba mzee atiwe betri mpya, za mawe makubwa. Mwanamke mmoja akawaeleza wenzake kwamba huyu siye, huyu ni kaka yake mkubwa, mwenyewe ana sauti ya kijana. Dereva mmoja aliyekaa mbele yangu, mtu ambaye umri wake ulimruhusu kabisa kuusikia wimbo ule redioni ulipotoka, alisimama na kutangaza kwamba yeye anamjua Anania wa kweli kwa masikio yake na hawezi kudanganywa. Alipigiwa makofi.

Anania alifika kwenye ubeti wa pili na kunyamaza. Ussi, ambaye aliwafahamu wateja wake, alitia kaseti kwenye mashine iliyokuwa pembeni na kufungulia sauti yote. Ema alishuka kwenye treni kwa haraka, akaulizia njia kwa haraka, na ukumbi mzima ukainuka kucheza.

Anania alisimama mbele yao akiwa ameshika kipaza sauti, mdomo umefungwa. Nilihesabu kiitikio kimoja. Katika cha pili aliufungua mdomo, akaanza kuufuatisha na kaseti. Watu walimshangilia. Yule dereva alikwenda kumkumbatia.

Jumatatu asubuhi nilipita karibu na shamba lao. Mvua ilikuwa imenyesha. Dorosela alikuwa amekwisha chimba matuta mawili, na jembe la pili lilikuwa limesimikwa kwenye udongo likingoja. Anania alikuwa amesimama nje ya shamba akiwa na viatu vyeupe, akimweleza kwamba walimtaka, walimshangilia, na Mwalimu, huyo anapita, alikuwepo.

Dorosela aliniamkia, "Kamwene, Mwalimu," lakini hakuniuliza kitu. Alimtazama mumewe.

"Walikutaka unyamaze," alisema. "Chukua jembe."

Hakulichukua. Alinifuata hadi nyumbani kwangu, akavua kofia mlangoni kama alivyofanya akiwa mwanafunzi, na kuniomba nimfundishe kuuimba wimbo katika G, kwa mwendo wa kaseti. Nilimwambia kwamba sauti yake haifiki huko bila kujikaba. Nilimwambia pia kwamba wimbo ulikuwa wake, na kwamba Jumamosi ni yeye aliyekuwa sahihi na ukumbi mzima ndio uliokosea.

"Mwalimu, usahihi huo niupeleke wapi?" aliniuliza. "Nipe G tu."

Sikumpa. Aliipata bila mimi, kwa kukaa na redio kaseti mwezi mzima, akirudia hadi akaweza kumwiga yule kijana mwenye sauti nyembamba ambaye hajawahi kuwapo popote isipokuwa ndani ya mota ya Enoki. Kufikia Februari alikuwa akiitwa Makambako, Ilembula na Njombe, na watu walistaajabu kwamba Anania hajabadilika hata kidogo tangu 1979.

Mwaka huo, mwezi wa saba, mota ile iliungua nayo. Safari hii Enoki alipata ya kufaa, na kwa majuma mawili duka la Ussi lilitoa kaseti zenye mwendo sahihi. Wateja walizirudisha zote, wakidai kwamba zimeharibika. Ussi aliwaomba radhi, akamwagiza Enoki atafute mota mbaya kama ile ya kwanza. Nilimwomba anipe moja ya kaseti zilizokataliwa, naye alinipa akinionea huruma.

Nilikuwa nikiisikiliza alasiri moja, saa ikiwa mkononi, Dorosela alipoleta viazi vya mavuno. Hakuingia. Alisimama mlangoni na kapu lake kichwani hadi wimbo ulipokwisha. Dakika nne na sekunde kumi.

"Huyo namfahamu," alisema. "Alikuwa akija kwetu."

Akatua kapu, akamimina viazi, akaondoka. Mumewe wakati huo alikuwa Njombe, akiimba katika G.