Picha za Fundi Lipu

Nilipangiwa Tukuyu kufundisha historia chuoni. Jengo letu la zamani lilipoanza kukarabatiwa, mkuu wa chuo alinikabidhi kamera, akataka kila hatua ipigwe picha.

Nilivutiwa zaidi na fundi lipu, mzee kutoka kijiji cha Nkunga, aliyefanya kazi na binti yake. Binti alichanganya chokaa, baba akaipaka ukutani kwa mwiko, taratibu, kisha wakaufunika ukuta kwa magunia yaliyoloweshwa ili usikauke haraka ukapasuka. Nilimpiga mzee picha akicheka, ndevu zimejaa chokaa.

Msimamizi wa ujenzi hakuwa na subira hiyo. Siku ya mgeni rasmi kuja kuzindua jengo ilikuwa inakaribia. Asubuhi moja ya mvua alifunua gunia, akaubonyeza ukuta kwa kidole, kisha akaupiga teke. Alama ya buti ikabaki pale.

"Mzee, huu ukuta au ugali wa mgonjwa? Bandua wote. Tunapiga saruji."

Mafundi wenzake mzee wakashika nyundo wamsaidie.

"Wekeni chini!" msimamizi akafoka. "Aliyepaka ndiye atakayebandua."

"Mwanangu," mzee alisema, "niache niende nyumbani, hawa wabomoe."

"Ukienda, na binti yako asirudi."

Mzee akabandua. Msimamizi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimtazama huku anakula ndizi ya kuchoma. Mchana, kipande cha chokaa mbichi kikamwingia mzee jichoni. Binti akakimbilia maji.

"Amalize kwanza pale juu," msimamizi alisema. "Chokaa si sumu."

Tulipomfikisha hospitali, daktari aliuliza kwa nini tumechelewa. Jicho halikupona.

Siku ya uzinduzi mzee alikuja amevaa koti lake la kanisani. Picha zangu zilikuwa zimetundikwa ukumbini, na ile ya mzee akicheka ndiyo kubwa kuliko zote.

"Tata, ni wewe," binti alimwambia baba yake.

Mafundi walipoitwa kupiga picha na mgeni, mzee naye akasogea. Msimamizi akamshika bega kwa upole.

"Mzee wangu, kaa pembeni kidogo. Hilo jicho litatuharibia picha."

"Ndaga, mwanangu," mzee alijibu, kama anayeshukuru kwa kukaribishwa chakula, akatoka nje.

Binti hakumfuata mara moja. Alipanda kiti mbele ya mgeni, akaing'oa ile picha ya baba yake, akaikunja, akaibana kwapani. Akatoka nayo nje kumfuata baba yake.