Tonge la Langoni

Chupa ya samli niliyonunua sokoni Tinde ilikuwa imevujia kwenye begi. Nilipofungua zipu, harufu ilinirudisha kwenye zizi la baba.

Mbwa wetu alikuwa na homa, hataki kula chochote. Bwana mifugo alituachia vidonge, akasema apewe pamoja na chakula. Mama alisaga kidonge, akakichanganya na samli ndani ya tonge la ugali, nami nikamsogezea mdomoni pale alipolala kando ya jiko. Akageuza uso. Nikambembeleza, akafumba macho.

"Mkononi hali," baba alisema. "Nilimfundisha mwenyewe."

Ni kweli. Wezi wa ng'ombe huwarushia mbwa nyama yenye sumu, kwa hiyo tangu mbwa wetu akiwa mdogo, baba alimchapa kila alipopokea kitu kwa mtu, hata kwangu. Chakula chake kilikuwa langoni mwa zizi tu, kwenye kigae cha chungu.

"Basi apelekwe langoni," mama akasema.

"Hawezi kusimama huyu."

"Na wewe huna mikono?"

Sikuwahi kumwona baba akimgusa mbwa yule ila kwa fimbo. Aliinama, akambeba kifuani kama ndama, akamlaza langoni. Akaweka tonge kwenye kigae, kisha akanivuta tukajificha nyuma ya ua wa minyaa, mbwa asituone.

Tulisubiri mpaka tukasikia ulimi ukilamba kigae.

Jioni baba alikaa kula na shati lile lile, limejaa manyoya kifuani. Mama alimnawisha mikono.