Jogoo na Mume Wangu Katika Picha Moja

Jogoo wangu alikuwa wa kuchinjwa Idi, wajukuu zangu, nami nikataka nibaki na sura yake. Mzungu mmoja wa misheni hapa Bagamoyo alikuwa na sanduku la kupigia picha. Basi akaja uani kwetu, mume wangu akamshika jogoo kifuani asitikisike. Picha ilipoletwa, mume wangu ndiye kajaa, kajitutumua na kilemba chake. Nikakunja ukili wa mkeka ukawa duara, nikausogeza juu ya picha mpaka nikamwona jogoo tu, undu, ule upanga wa kichwani, jicho na mdomo. Nikashika mkasi.

"Mke wangu, mimi unanitupa?"

"Wewe nakuona kila siku, bwana. Huyu kesho tunamla."

Akacheka mpaka akakaa chini. Nikakata, ila ncha ya ndevu zake nikaiacha ibaki pembeni mwa jogoo.