Dada Alifika Kabla ya Mama

Dada yangu alipopata nafasi ya kusomea uuguzi New York, mama aliuliza jambo moja tu: kutoka London, atakakobadilisha ndege, hadi huko, ndege inakaa juu ya bahari muda gani?

Baba alikuwa mwalimu wa jiografia chuo cha ualimu Butimba, hapa Mwanza. Alichukua uzi, akaunyoosha kwenye ramani, akapiga hesabu. "Kilometa elfu tano na mia tano hivi. Saa nane zinatosha."

"Saa nane!" mama akashangaa. "Mimi hapa hadi Dar kwa treni ni siku mbili."

Jioni moja baba alileta nyumbani tufe la dunia kutoka chuoni. Akapitisha uzi upya. Safari hii haukukata bahari moja kwa moja, ulipanda kaskazini ukashukia Kanada. Mama hakuamini hata kidogo. "Kwa nini rubani azunguke wakati anaona anakokwenda?"

Mama ndiye aliyempeleka dada Dar. Jumanne jioni dada akamsindikiza stesheni, mama akapanda treni ya kurudi Mwanza. Usiku huohuo mjomba wetu wa Dar akampeleka dada uwanja wa ndege.

Alhamisi saa moja asubuhi mimi na baba tulikuwa mjini, kwenye duka la simu lililokuwa limefunguliwa karibuni, miaka ile ya ruksa, watu binafsi walipoanza kuruhusiwa kufanya biashara. Tulikuwa tumeahidiana na dada kwamba atapiga saa hiyo. Simu ikalia. Baba akaidaka kabla ya mwenye duka.

"Nimefika, baba! Tangu mchana. Nimeoga, nimekula, sasa nataka kulala. Huku bado Jumatano."

"Mlipita wapi?"

"Tulipita Kanada. Rubani alitutangazia."

Baba alicheka hadi mwenye duka naye akacheka, ingawa hakujua kinachochekwa.

Tukaenda stesheni kumpokea mama, lakini treni ilichelewa. Iliingia saa tisa alasiri, mama akashuka na kapu la karanga za Tabora, miguu imevimba, vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi sasa hivi? Bado yuko juu ya maji?"

"Alifika jana," baba akamwambia. "Amekwisha kuoga na kula."

Mama akaweka kapu chini. "Jana? Aliniaga mimi nikiwa nimeshapanda treni! Amevuka bahari nzima, mimi nikiwa sijafika hata hapo Mkolani, nje ya mji?"

Tukabaki tunacheka pale stesheni, yeye akicheka kuliko sisi, machozi yakimchorea mistari kwenye vumbi la mashavu. Baba akataka kumweleza habari za Kanada, lakini mama akamkatiza, akaniuliza kama dada alisikika mwenye furaha. Nikamwambia ndiyo, sana.

Nyumbani majirani walikuja kumpa pole ya safari. Kila aliyeingia mama alimgawia karanga, akimsimulia jinsi alivyopitwa na binti yake mwenyewe.