Rafu ya Vitabu Visivyo na Wenyewe

Mwaka jana nilirudi Juba, na siku ya pili nikajikuta nimesimama katikati ya mji mbele ya duka la simu. Kijana wa dukani akaniuliza nataka nini. Nilimwomba asogee kidogo, rafiki yangu, maana pale alipoegemea ndipo palipokuwa na mlango wa chumba cha kusomea.

Kilikuwa chumba cha kanisa: upande mmoja wakiuza Biblia na vitabu vya nyimbo, upande mwingine meza na mabenchi, usome bure mpaka uchoke. Ilikuwa miaka ya sabini, vita vimekwisha, nasi tumerudi juzijuzi tu kutoka Uganda tulikokimbilia. Kiarabu cha Juba kilinishinda, na watoto wa mtaa wetu wa Buluk walinicheka. Lakini mzee wa vitabu, aliyekuwa mkimbizi kama sisi, alimpokea kila mtu kwa maneno yaleyale: "Taal, geni." Njoo, keti. Kisha anakumiminia kikombe cha karkade, chai ya maua, nyekundu, chachu, ya kukuamsha ulimi.

Ukuta wa nyuma ulikuwa na rafu moja isiyouzwa. Hapo alipanga vitabu vilivyookotwa kwenye makanisa yaliyochomwa na vijiji vilivyohamwa. Vingine bado vilinuka moshi. Wenyewe walikuwa wameandika majina yao ndani ya jalada, na watu walikuja kuwatafuta ndugu zao humo.

Nyanya hakujua kusoma. Kila Jumamosi, akimaliza kusaga karanga, alinishika mkono twende. Baba yangu, mwanawe wa pekee, alibaki nyuma tulipokimbia. Nilifungua kitabu kimoja kimoja nikamsomea majina. "Siyo yeye," alikuwa akisema, na uso wake ukinawiri. Kwake, maadamu kitabu hakijaonekana, kilikuwa bado mikononi mwa baba.

Jumamosi moja nikakipata. Kitabu cha nyimbo, kona zimeungua. Jina la baba, na chini yake jina la kijiji chetu. Nilimtazama nyanya, nikasoma jina jingine la kubuni.

"Siyo yeye," akasema.

Mzee wa vitabu alikuwa nyuma yangu. Aliona jina lililoandikwa pale, akakirudisha kitabu rafuni.

Ijumaa iliyofuata nikaenda peke yangu. Mzee alikuwa amekwisha kukifunga kwa gazeti.

"Kitabu hii iko yenu," alisema. "Lakini mimi siwezi kumwambia nyanya yako. Nimewaambia watu wengi sana, binti yangu. Hii sema wewe."

Nilimkuta nyanya akikoroga mboga. Nikakiweka mapajani mwake. Hakulia. Alikigeuza, akakinusa.

"Nilijua," akasema. "Siku ile sauti yako ilikatika."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilitaka nikae naye wiki moja zaidi."

Nilidhani hatutarudi tena kule. Kumbe Jumamosi akajifunga kitambaa chake, tukaenda. Tangu hapo aliketi na wanawake waliokuwa bado wanatafuta, amewashika mikono, mimi nikiwasomea.

Mzee alifariki, vita vingine vikaja, chumba kikafungwa. Nimeuliza wengi, hakuna ajuaye rafu ile ilikwenda wapi. Lakini majina hayakuniacha. Hunijia mchana kweupe, nikiosha vyombo, moja baada ya jingine, kwa sauti yangu ya utotoni. Nami huacha maji yatiririke, nikasikiliza. Sidhani kuna mwingine anayewaita watu wale sasa, nami nimeanza kuwasahau baadhi yao.